Mayai juu ya tambi: kwa nini ute unabaki mbichi na kiini kinakauka

Swali: Shikamoo mwalimu. Jioni nikichoka huwa nachemsha tambi, nazimwaga kwenye kikaango chenye rosti ya nyanya, napasulia mayai manne juu yake kisha nafunika. Nataka mayai yakae mazima, ute uwe mweupe na kiini kiwe laini. Kinachotokea ni kinyume: ute wa juu unabaki maji maji, kiini kimekauka, na tambi za chini zimeungua. Nimepunguza moto mpaka mwisho, mambo yakazidi kuharibika. Natumia jiko la gesi la mtungi mdogo na kikaango chepesi cha alumini. Je, nitumie mayai ya kienyeji? Na mwanangu wa miaka miwili naye anakula chakula hiki, nimpikie vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yana jibu ndani yake. Dalili zote tatu ulizotaja, yaani ute mbichi, kiini kikavu na tambi zilizoungua, zina chanzo kimoja: tambi zako zimeshakauka wakati mayai yanaingia. Ukilirekebisha hilo, mengine yote ni marekebisho madogo madogo.

Anza kwa kumtazama muuza chipsi mayai. Yeye naye anaweka yai juu ya wanga ndani ya kikaango, lakini hahitaji mfuniko wala mchuzi. Yai lake limepigwa, linapita katikati ya chipsi mpaka kwenye mafuta ya moto, upande wa chini unaganda, halafu anafunika sahani, anageuza, na upande uliokuwa juu unakutana na mafuta. Kila upande wa yai unapata zamu yake ya moto. Wewe unataka yai zima lenye kiini laini, kwa hiyo kugeuza haiwezekani. Upande wa juu wa yai lako hautagusa chuma hata mara moja. Lazima joto lipande lenyewe mpaka huko juu, na kitu pekee ndani ya kikaango chako kinachoweza kulibeba ni mvuke.

Sasa tazama yai lenyewe. Ute na kiini haviivi kwenye joto moja. Ute huanza kubadilika rangi na kuwa na weupe wa maziwa karibu na nyuzijoto 62 za Selsiasi, lakini hapo bado unateleza, kwa sababu protini iliyo nyingi zaidi ndani yake, inayozidi nusu ya protini zote za ute, haigandi vizuri mpaka joto likaribie nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 hivi, na kikifika 70 hakitiririki tena. Maana yake ni kwamba kiini hukauka kwenye joto ambalo ute bado haujakaza. Ukilipasha yai zima polepole, ndani na nje vikapanda joto pamoja, kiini kitakuwa kigumu huku ute ukiwa bado unateleza. Hicho ndicho ulichokifanya uliposhusha moto mpaka mwisho. Ulilipa joto muda wa kutosha kufika kwenye kiini, bila nguvu ya kutosha kukaza ute.

Tunapata ute mweupe na kiini laini kwa sababu ute umekizunguka kiini, hivyo joto hukutana nao kwanza. Kinachotakiwa ni joto kali la kutosha, kutoka chini na kutoka juu, kwa muda mfupi, halafu yai litoke motoni kabla joto hilo halijafika katikati. Dakika nne hadi sita zinatosha. Yai likikaa humo robo saa, hata jiko la hoteli kubwa halitakuokolea kiini.

Mvuke hufanya kazi hii vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi sana, na mvuke huo ukigusa kitu cha baridi, kama uso wa yai, hugeuka maji tena na kuliachia joto lote papo hapo. Gramu moja ya mvuke ikifanya hivyo huachia joto linalotosha kuchemsha zaidi ya gramu 5 za maji yaliyokuwa na baridi ya barafu. Hewa kavu yenye moto iliyo chini ya mfuniko haina uwezo huo. Kwa hiyo kikaango chenye tambi kavu kinaweza kuwa cha moto mno, kinaunguza chini, na bado ute wa juu ukakaa mbichi: hakuna maji ya kuwa mvuke.

Kuna na jambo la pili kuhusu tambi kavu. Zikiisha kunywa rosti yote huacha nafasi za hewa katikati yake, na hewa haipitishi joto vizuri. Tambi zikawa godoro kati ya chuma na yai. Moto unabanwa chini, tambi za chini zinaungua, na yai limelala juu halina habari. Mchuzi ukiwa unachemka katikati ya tambi, zile nafasi zote zinajaa maji ya moto na mapovu yanayopanda, na yai linapikwa kutoka chini pia. Watu wa Tunisia wanaopika shakshuka, mayai ndani ya rosti ya nyanya na pilipili, hawapati tabu hii, kwa sababu yai lao linakaa moja kwa moja ndani ya rosti inayotokota. Sisi tumeongeza tambi katikati, na tambi ni mnywaji mkubwa wa maji.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu anachemsha tambi mpaka ziive kabisa, anazichuja kavu, anazimwaga kwenye rosti nzito. Kwa macho rosti inaonekana inatosha. Baada ya dakika mbili wanga wa tambi umeshainywa, na yai halijaanza hata kubadilika rangi. Kwa hiyo unapoangalia kikaango kabla ya kutia mayai, kionekane kina mchuzi mwingi kuliko unaoutaka mezani. Wakati mayai yakiiva, tambi zitamaliza ziada hiyo zenyewe.

Nikupe vipimo kwa mayai manne. Tafuta kikaango chenye upana wa sentimita 26 hivi. Chemsha lita mbili na nusu za maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, tia gramu 250 za tambi, na uzitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukiuma uzi mmoja, katikati uwe na ugumu kidogo. Tambi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ngano ya kawaida, badala ya ngano ngumu, hulainika mapema na kutoa wanga mwingi, kwa hiyo hizo zionje hata mapema zaidi. Kabla ya kuchuja, teka vikombe viwili vya yale maji ya tambi uweke pembeni. Usiyamwage kabisa! Yana chumvi na wanga, na wanga huo ndio utakaofanya mchuzi uzishike tambi badala ya kujitenga chini.

Wakati tambi zinachemka, rosti yako iwe inaendelea: mafuta vijiko vitatu, kitunguu kimoja kikubwa kikaangwe mpaka kilainike, kitunguu saumu, hoho ukipenda, kisha nyanya tano au sita mbivu zilizokatwakatwa na kijiko kimoja cha nyanya ya pakiti kwa ajili ya rangi na uzito. Iache iive mpaka mafuta yaanze kujitenga. Usiikatishe hatua hii kwa haraka, maana nyanya mbichi ina maji yasiyo na ladha, na yakishaingia kwenye tambi hayatoki tena. Onja chumvi hapa hapa. Ukinyunyiza chumvi juu ya kiini kibichi itaacha madoa, kwa hiyo ya mayai iwekwe mezani.

Mimina tambi kwenye rosti, tia kikombe kimoja na nusu cha maji yale, changanya, na uache yachemke. Sasa kifanyie kikaango jaribio hili: kiinamishe kidogo upande mmoja. Mchuzi utiririke na kukusanyika pembeni, vijiko vikubwa vinne au vitano hivi. Usipokusanyika, ongeza maji. Ukikusanyika mwingi kiasi cha kuteka kwa upawa, acha uchemke dakika moja zaidi bila mfuniko. Jaribio hili lina thamani kuliko kipimo chochote cha kikombe, kwa sababu nyanya za msimu wa mvua zina maji mengi na za kiangazi zina machache, na hakuna mapishi yaliyoandikwa yanayoweza kujua uliyonunua ni zipi.

Kisha tengeneza vishimo vinne kwa mgongo wa upawa. Vifikie karibu na sakafu ya kikaango, lakini ziache nyuzi chache za tambi chini ili yai lisishike kwenye chuma. Mimina kijiko cha mchuzi ndani ya kila kishimo. Kishimo kikiwa kifupi, ute utatambaa juu ya tambi, utaingia kati ya nyuzi na kuganda vipande vipande, na yai halitaonekana tena kuwa zima. Kila yai lipasue kwanza kwenye kibakuli, kisha ulitelezeshe kishimoni kutoka karibu. Kibakuli kinakulinda pia: mayai hukaa dukani kwenye joto bila mtu kujua ni siku ngapi, na yai moja bovu likiingia moja kwa moja kwenye kikaango limeua chakula chote. Kama mayai yalikuwa kwenye friji, yaloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano kabla ya kuyapasua.

Funika. Moto uwe wa wastani, na usikilize: usikie mchuzi unatokota kwa utulivu muda wote. Ukinyamaza, moto ni mdogo mno. Ukisikia sauti ya kukaanga, maji yameisha. Mfuniko uwe mzito unaoziba vizuri, na ukiwa wa kioo ni bora zaidi, maana kila unapofunua unautoa nje ule mvuke unaoutegemea. Kama hauna kioo, usifunue kabla ya dakika tatu kupita.

Dalili za kuiva zitazame kwa mpangilio huu. Kwanza ute wa pembeni unakuwa mweupe kabisa. Halafu utando mwembamba wa ute uliofunika kiini unapata ukungu mweupe, na kiini kinachungulia chini yake. Huo ndio mvuke umefanya kazi. Sehemu ya mwisho kuiva ni ute mzito uliokizunguka kiini pale kinapoanza kuinuka. Tikisa kikaango taratibu. Kiini kikicheza na ute usicheze, toa motoni mara moja na uondoe mfuniko, kwa sababu tambi na kikaango vina joto la kutosha kuendelea kupika kwa dakika moja au mbili zaidi. Kama ute huo wa karibu na kiini bado unacheza na mchuzi umekwisha, mimina vijiko viwili vya maji yanayochemka pembeni mwa kikaango, yaguse chuma na siyo yai, kisha funika dakika moja. Mvuke utatoka papo hapo. Hili peke yake lingekuokoa jioni nyingi.

Wanaoishi kwenye miinuko, kama Mbeya au Nairobi, waongeze kidogo muda. Huko maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95, kwa hiyo na mvuke wake una joto dogo kidogo. Kwako Morogoro tofauti ni ndogo mno.

Tuje kwenye jiko lako. Jiko linalofungwa juu ya mtungi mdogo lina duara dogo la moto, na alumini nyembamba haina uzito wa kulitandaza joto hilo. Katikati panaungua wakati pembeni hapajachemka. Ukiwa na chuma cha kupikia chapati, kiweke juu ya moto kipate joto kwanza, kisha kalisha kikaango juu yake. Ndivyo wapishi wengi wa biriani wanavyolinda sufuria zao zisiungue chini, na hapa kinafaa vilevile. Joto litachelewa dakika chache kupanda, lakini likipanda litaenea kote. Kama hauna, geuza kikaango robo duara kila dakika, na usiweke yai katikati kabisa: vishimo vyote vinne vikae kwenye mzunguko.

Anayepikia mkaa ana nafasi nzuri kuliko wewe, niseme ukweli. Pwani watu wamezoea kupalia makaa, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko wa bati, kwa wali wa nazi na kwa mkate wa kumimina. Moto juu na chini. Kwa mayai haya, makaa machache juu ya mfuniko kwa dakika mbili za mwisho yanamaliza kabisa tatizo la ute wa juu. Yawe machache, na majivu yapanguswe kwanza, kwani ukifunua vibaya yataangukia chakulani.

Kuhusu mayai ya kienyeji: yanafaa, ila hayatatibu ulichokuwa unakiona. Ni madogo, mara nyingi karibu gramu 40 wakati yai la kisasa hukaribia 60, kwa hiyo huiva mapema zaidi. Anza kuangalia baada ya dakika tatu. Rangi kali ya kiini chake inatokana na majani na wadudu ambao kuku anakula. Kilicho muhimu zaidi ni umri wa yai, na hapa kienyeji anaweza kukuangusha, kwa sababu anayeuza mara nyingi hukusanya kidogo kidogo mpaka trei ijae. Yai linavyokaa, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute mzito unageuka mwepesi, na ngozi ya kiini inadhoofika. Yai la namna hiyo likitua kwenye kishimo hutawanyika, na kiini hupasuka kabla hujafunika. Litumbukize yai kwenye glasi ya maji: likilala chini kabisa ni jipya, likisimama ni la siku nyingi lakini bado linaweza kufaa kwa kukaanga au kuvuruga, likielea usilitumie. Na kama ulilonalo ni la siku nyingi na hauna jingine, lipasulie kwenye chujio la chai lililo safi kwa sekunde chache. Ute mwepesi utadondoka, ule mzito utabaki umekikumbatia kiini, na hilo litakaa kishimoni vizuri.

Ukiwa na tambi nyembamba zile za kupikia Idi, unaweza kuachana na kuchemsha kabisa. Zivunje, zikaange kwenye mafuta kidogo mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi, tia rosti na maji ya moto, na zipikie humo humo. Zikishakaangwa hunywa maji taratibu zaidi na hazigandamani. Binafsi napenda hizi kuliko spageti ndefu kwa pishi hili, kwa sababu vishimo vyake vinasimama na haviporomoki.

Mabaki ya tambi yasilale kwenye kikaango juu ya jiko mpaka asubuhi. Vyakula vya wanga vikikaa kwenye joto la kawaida, kuna bakteria anayeweza kuzaliana humo na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndani ya saa mbili yawe yameingia kwenye friji. Siku ya pili usijaribu kupasulia mayai mazima juu yake. Yamekauka mno kwa kazi hiyo. Fanya kama Napoli, ambako tambi za jana huchanganywa na mayai yaliyopigwa na jibini, zikakaangwa zikawa mkate mnene unaoitwa frittata di maccheroni, unaokatwa vipande na kuliwa hata ukiwa umepoa. Kwa gramu 250 za tambi zilizobaki tia mayai matatu au manne, moto mdogo, geuza kwa sahani.

Mtoto wako wa miaka miwili asipewe kiini kinachotiririka. Wadogo wa umri huo, wajawazito, wazee na wagonjwa wanadhuriwa zaidi na salmonela, bakteria anayeweza kuwa ndani ya yai bichi, na kinga ni yai kuiva lote, ute na kiini, joto lifike nyuzi 71 ndani kabisa. Huna haja ya kumpikia chungu chake. Yai lake litangulize: lipasue kwenye kishimo kirefu kuliko vingine, kitoboe kiini kwa ncha ya uma kitandae ndani ya ute, funika dakika tatu, kisha ndipo uongeze mayai yenu. Yenu yakifika mnapotaka, lake litakuwa limekaza mpaka katikati. Likate kwa kijiko kabla ya kumpakulia uhakikishe, na tambi zake zikatekate fupi.